Msaada wa asainimenti: mahubiri ya Jonathan Edwards, ni pathosi tupu kweli?

binti_barani

Masalkheri jamani. Niko Malindi, nasoma fasihi chuoni mwaka wa pili, na muhula huu tumeingia fasihi ya Marekani ile ya zamani kabla hata hawajapata uhuru wao. Lekchara katupa yale mahubiri ya Jonathan Edwards ya 1741, Wenye Dhambi Mikononi mwa Mungu Mwenye Hasira, tuchambue anavyowashawishi watu, yaani ethosi (msemaji anavyoaminika), pathosi (kugusa hisia) na logosi (hoja), pamoja na tamathali za usemi zilizomo. Sasa mimi nimekaa nayo nikaandika, nikapanga vizuri kabisa, tashbihi hizi hapa, sitiari hizi, takriri, tashihisi, maswali ya balagha, kila moja na mfano wake, nikampelekea aione kabla ya ile ya mwisho, akanirudishia na wino mwekundu juu "umeorodhesha, uchambuzi uko wapi?" na hakuongeza neno.

Wenzangu wa grupu wanasema nisijisumbue, hayo mahubiri ni pathosi tupu, anatisha watu na moto mwanzo mwisho basi. Mimi nikisoma naona kuna kitu kingine kinaendelea lakini siwezi kukishika. Halafu mimi Muislamu, mambo ya makanisa ya hao Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali wa zamani, sina uzoefu nayo, sijui hata walikuwa wanayapanga vipi hayo mahubiri yao. Mwenye kujua anisaidie, dedilaini ni wiki ijayo.

kijana_wa_shela

Dada hiyo ni pathosi, usijichoshe. Moto, shimo, buibui, moto tena. Mtu akikwambia saa hii unaning'inia juu ya jehanamu kwa uzi mwembamba utabaki kuuliza logosi iko wapi?? Andika kurasa tatu za hofu ulale zako 😂

mwl_mkomani

Kijana wa Shela acha kumpotosha mtoto wa watu.

Mwanangu binti_barani, mimi nimesomesha fasihi hapa Lamu mpaka nikastaafu, na mahubiri haya nimeyapitia na wanafunzi wengi, karibu wote huanza pale pale ulipoanza wewe, wanaokota tamathali wanazipanga mafungu mafungu. Lekchara wako ana haki. Ukimtoa yule buibui anayeshikwa juu ya moto pahali pake ukamtia kwenye jedwali hana kazi tena, na swali linakuuliza kazi yake.

Anza na mpangilio. Wapuritani walikuwa na kawaida yao, mahubiri yana sehemu tatu, kwanza aya ya Biblia na maelezo yake, halafu fundisho, halafu matumizi, yaani sasa hili linakuhusu vipi wewe uliyekaa hapo. Edwards kafuata njia hiyo hiyo. Aya yake ni Kumbukumbu la Torati 32:35, kile kipande cha miguu yao kuteleza wakati ukifika. Akaikamua akatoa mambo manne, kwamba mtu anayetembea penye utelezi yuko hatarini kila saa, kwamba akianguka ni ghafla hapigiwi hodi, kwamba hahitaji kusukumwa, uzito wake mwenyewe unatosha, na kwamba kama hajaanguka bado ni kwa vile saa iliyowekwa haijafika tu. Kisha fundisho lenyewe, sentensi moja, kwamba hakuna kinachowazuia waovu wasiingie jehanamu dakika yoyote ile isipokuwa mapenzi ya Mungu peke yake. Kisha hoja kumi kuitetea hiyo sentensi.

Hizo kumi wengi wanazipita mbio wakafike kwa buibui. Usizipite. Mungu hakosi nguvu ya kuwaangusha, wao wenyewe wanastahili, hukumu imeshatolewa, shetani amesimama tayari anangoja ruhusa, kutokuona dalili ya mauti si dhamana, kujichunga na kuwa na akili si dhamana, mpaka ya mwisho kabisa kwamba Mungu hakujifunga kwa ahadi yoyote kwa mtu ambaye hayumo katika agano la neema. Sasa angalia zinafanya nini. Kila hoja inaziba mahali ambapo msikilizaji angetaka kutokea. Nina afya yangu, pameshazibwa. Mimi mtu mwangalifu, pameshazibwa. Mimi nitatubu baadaye nina mpango wangu, na hapo anafanya jambo zuri sana la kisanaa, anamleta mtu ambaye yuko motoni tayari aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mimi sikukusudia kuja huku, nilijipangia vyema kichwani, mauti yakanijia kama mwizi. Hiyo ni logosi, tena imevaa mazungumzo ya mtu.

Na katika sehemu hiyo nzima anasema WAO. Watu waovu, wao, hawa. Wewe umekaa kwenye benchi lako Enfield, mji alikoyahubiri, unasikiliza habari za watu wengine, unatikisa kichwa, kweli watu hao wako hatarini. Ukishakubali hoja zote kumi juu ya wao, anaingia matumizi, na neno linageuka, NINYI. Kila kitu ulichokubali juu ya jirani kimekurudia wewe na huna pa kukikataa kwa sababu umeshakubali. Hofu inaanza pale. Kama angeanza na ninyi tangu mwanzo watu wangejifunga kifuani wasisikie. Kwa hivyo pathosi yake imesimama juu ya logosi, ukiitoa ya chini ile ya juu inaanguka. Ukiandika hilo peke yake na ukalithibitisha kwa mistari, lekchara atakuwa hana la kusema.

kijana_wa_shela

Sawa mwalimu shikamoo kwanza. Lakini hizo hoja kumi ni logosi gani? Zote zinategemea umeshaamini Biblia. Mtu asiyeamini zinamthibitishia nini? Mimi naona ni hofu iliyovalishwa namba.

mwl_mkomani

Marahaba. Swali zuri, na mwanafunzi aliyelifikia hilo hayuko pabaya. Lakini hakuwa anamhubiria asiyeamini. Wale wa Enfield wote walikuwa wanakubali Biblia, wanakuja ibadani, wanajua mafundisho, tatizo lao ni kwamba hayawagusi. Hoja nzuri ya ushawishi inaanzia pale msikilizaji alipo, haianzii hewani. Na si zote za Biblia tupu, ile ya saba na ya nane ni za kuangalia dunia, kwamba watu wanakufa kwa njia zisizohesabika ambazo hawakuziona, na kwamba wenye hekima hawaonekani kuishi zaidi ya wajinga, angekuwa mtu mwerevu anaepuka mauti mapema tungeona tofauti. Hapo halafu ndipo anatia Mhubiri 2:16. Hilo hata wewe wa Shela huwezi kulikana.

ngomeni_juu

Naomba niingie hapa kwa ethosi maana ndiyo wengi wanaiandika vibaya. Mimi ni Mkristo, nimesoma theolojia kidogo, na nimeona insha nyingi zinasema "ethosi ya Edwards ni kwamba alikuwa mchungaji msomi wa chuo cha Yale" halafu basi, wanaendelea. Hiyo ni wasifu, sio ethosi ndani ya mahubiri. Soma yote tafuta pale anapojitaja yeye mwenyewe, hasemi mimi niliota, mimi nimetumwa, mimi nimeona, hana kisa chake hata kimoja, hajiweki mbele kabisa. Anarundika aya, Zaburi, Isaya, Ezekieli, Luka, Ufunuo, mpaka unasahau kuna mtu anayeongea. Ethosi yake ni ya kujificha nyuma ya kitabu, na kwa watu wale hakuna ethosi yenye nguvu kushinda hiyo.

Na kuna mambo mawili ya historia yatakusaidia dada. La kwanza, kipindi kile kilikuwa cha uamsho mkubwa makanisani koloni zote, na nyota yake alikuwa George Whitefield kutoka Uingereza, mtu wa sauti kubwa na machozi na mikono, alipita mpaka Northampton, mji ambao Edwards alikuwa mchungaji wake, Oktoba 1740. Edwards hakuwa hivyo, alikuwa na maandishi yake mbele, na waliomweleza wanasema hakuwa mtu wa kupaza sauti wala kurusha mikono. Kwa hivyo usiandike "alipiga kelele", mimi ningekukata maksi. La pili, mahubiri haya alikuwa ameshayatoa kwa washirika wake mwenyewe Northampton kabla, Juni 1741, na haikusimuliwa kwamba kulitokea kishindo chochote. Halafu 8 Julai akayatoa Enfield na kule watu wakalia mpaka akashindwa kumaliza. Mchungaji mmoja aliyekuwepo, Stephen Williams, aliandika kwenye shajara yake kwamba kulikuwa na kilio nyumba nzima, watu wanauliza nifanye nini niokoke, wengine wanasema naenda jehanamu, ikabidi mhubiri asimame.

Maneno karibu ni yale yale, watu tofauti, matokeo tofauti. Kwa nini? Moja ya sababu iko ndani ya mahubiri yenyewe, karibu na mwisho anawauliza, roho zenu si za thamani sawa na roho za watu wa Suffield, ambao kila siku wanamiminika kwa Kristo? Suffield ni mji jirani kabisa. Yaani anawaambia jirani zenu wameshaingia nyinyi mmeachwa nje. Hapo kuna wivu, kuna aibu, kuna hofu ya kubaki peke yako. Mtu akiniambia mahubiri haya ni moto tu ninamuuliza, na Suffield utaiweka wapi?

binti_barani

Waaa. Suffield nilikuwa nimeipita kabisa nikadhani ni jina tu la mahali halina maana. Asanteni sana mwalimu na kaka Ngomeni. Sasa swali jingine, hizi tamathali zenyewe, buibui, upinde, maji, sakafu iliyooza, nikisema zote zinaleta hofu nimerudi pale pale kwa orodha. Nizitofautishe vipi?

mwl_mkomani

Jiulize zinashirikiana nini kwanza. Buibui ameshikwa juu ya moto, hajaachiwa. Upinde umekunjwa, mshale umeelekezwa moyoni, haujatoka. Maji yamezuiwa, hayajafunguliwa. Sakafu juu ya shimo imeoza, haijavunjika. Hakuna hata moja ambapo jambo limeshatokea! Moto wenyewe hauelezi sana kama watu wanavyodhani, anaeleza ile BADO. Ndiyo maana nakwambia ni taharuki, na ndiyo maana ni ile ile sentensi ya fundisho, kwamba hakuna kinachokuzuia ila mapenzi ya Mungu tu, sasa imepewa mwili uione kwa mato yako.

Ukishaonyesha hilo ndipo uzitofautishe, maana kila moja inajibu ukaidi tofauti. Sakafu iliyooza ni ya mtu anayejiona yuko pazuri, kwa sababu sehemu zilizo dhaifu hazionekani, unatembea tu. Uzito wa risasi (anasema uovu wako unakufanya mzito kama madini ya risasi) na utando wa buibui usioweza kuzuia jiwe linaloanguka, hizo ni za mtu anayetegemea wema wake na afya yake. Upinde ni wa yule anayedhani Mungu ana wajibu fulani kwake. Na yule buibui anayeshikwa juu ya moto ni habari ya anayekushika anavyokutazama, kwamba machoni pake unachukiza mara elfu kumi kuliko nyoka mwenye sumu anavyokuchukiza wewe. Hapo chuku na tashbihi zimefanya kazi pamoja. Tena huyo buibui Edwards hakumwokota njiani, huyu alikuwa mtu wa kuchunguza buibui tangu ujana, ipo barua yake ya 1723 anaeleza wanavyosafiri hewani kwa nyuzi zao. Alijua uzi ule ni mwembamba kiasi gani.

Maji nimekuachia wewe. Andika paragrafu moja uilete hapa tuione.

langoni_msomaji

Nami niingilie kidogo jamani, mbona munaenda mbali wakati huku kwetu tuna kitu cha kupimia. Binti umesema wewe Muislamu hujui mambo ya kanisa, lakini mawaidha unayajua, na kama umesoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir basi unajua mtu anavyotisha kwa sanaa. Mauti, kaburi, jehanamu, yote yamo mle. Lakini tazama anamsemesha nani. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya, anaukemea, anaubembeleza, na sisi tunasikiliza pembeni. Edwards anakukazia wewe uliyekaa mbele yake. Halafu ushahidi wao ni tofauti kabisa, mshairi wetu anaonyesha vilivyoanguka TAYARI, majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na sahani kwenye madaka, leo madaka hayo yanalaliwa na makinda ya ndege, waungwana waliokuwa humo wako mchangani. Mtu wa Lamu au Siu anatoka nje anayaona magofu yenyewe. Edwards mwaka 1741 katika vijiji vile vya Enfield hana magofu ya kuonyesha, kwa hivyo anafanya kazi na kitu ambacho hakijatokea bado, kama alivyosema mwalimu. Mimi naona hiyo inaeleza kwa nini wa Enfield walilia kwa sauti na msomaji wa Inkishafi anainamisha kichwa tu.

Sijui kama lekchara wako atakubali ulinganishi kwenye swali lile lakini hata aya moja fupi itamuonyesha kwamba unafikiri mwenyewe.

mwl_mkomani

Umenena vyema langoni. Binti, kama utaitia iwe sentensi mbili tatu, usiigeuze insha ya Inkishafi, swali ni la Edwards.

mama_wa_malindi

Samahani mimi si mwanafasihi, mwanangu ndiye alikuwa anasoma hii thredi nikaona. Munaongea vizuri sana juu ya tamathali lakini sisi wa Malindi tumeona Shakahola. 2023, msitu uko hapo nyuma yetu tu, miili zaidi ya 400 imefukuliwa, watu na watoto wao waliambiwa na mhubiri wao wafunge wasile wakamwone Yesu. Mimi nikisoma mtu anawaambia watoto kanisani nyinyi pia munateremka jehanamu (na yumo humo, mwanangu amenionyesha, anawataja wazee, vijana, watoto, mmoja mmoja) siwezi kusema ooh takriri nzuri. Naomba huyo binti aandike pia kwamba haya maneno yana hatari yake.

kijana_wa_shela

Mama shikamoo. Hapo umesema kweli.

ngomeni_juu

Shikamoo mama. Nimekaa nikafikiri kabla ya kukujibu kwa sababu ni jambo lililotugusa sote huku.

Tofauti ipo, Edwards hakumwambia mtu ajidhuru wala aache kula, na aliwaelekeza waingie kanisani na waishi, sio watoke duniani. Hilo lazima lisemwe. Lakini sitasema kwamba yeye alikuwa salama kabisa na hofu yake, kwa sababu historia yake mwenyewe inajibu. Miaka sita kabla ya Enfield kulikuwa na uamsho mwingine pale Northampton, na Juni 1735 bwana wa dada ya mamake, Joseph Hawley, mtu aliyekuwa na huzuni nzito juu ya roho yake, alijiua. Edwards mwenyewe ndiye aliyeliandika, tena akaandika kwamba baada ya hapo watu wengine waliokuwa hawana shida hiyo walisikia kama msukumo ndani yao wafanye vile vile, na uamsho ule ukapoa. Yaani alikuwa anajua. Alijua hofu inaweza kumfikisha mtu wapi, na 1741 akapanda mimbari na mahubiri haya. Mtoto wa huyo Hawley, aliyeitwa Joseph vile vile, alikuja kuwa mmoja wa waliosimama mbele kumtoa Edwards Northampton 1750.

Mimi binafsi naona mchambuzi mzuri anaweza kusema yote mawili, kwamba ufundi ni mkubwa na kwamba ufundi wenyewe ni wa kutisha watu ambao wengine walikuwa hawawezi kubeba. Ila dada, kwenye asainimenti liweke mahali pake, sehemu ya athari kwa wasikilizaji, na Shakahola usiitaje kama hujaulizwa, sio kwa sababu si kweli, ni kwa sababu utamlazimisha msahihishaji aanze kubishana na wewe nje ya swali.

mama_wa_malindi

Hiyo ya huyo bwana Hawley sikuijua. Ahsante baba, umenijibu.

binti_barani

Mama shikamoo na asante, nitaliweka hilo kwenye athari. Mwalimu hii hapa paragrafu ya maji, usinionee huruma:

"Edwards anafananisha hasira ya Mungu na maji mengi yaliyozuiwa kwa muda. Tashbihi hii inajenga hofu kwa wasikilizaji kwa sababu wanayaona maji yakipanda. Anasema kadiri mkondo unavyozuiwa ndivyo utakavyotoka kwa nguvu zaidi ukifunguliwa. Kwa hivyo kila siku ambayo msikilizaji ameishi kwa amani bila ya adhabu ni siku ambayo maji yameongezeka. Amani ambayo msikilizaji alikuwa anaihesabu kama dalili kwamba mambo ni sawa inageuka kuwa ndiyo hatari yenyewe."

mwl_mkomani

Sentensi zako mbili za mwisho ndizo uchambuzi, hizo tatu za mwanzo bado ni orodha inayopumua. Futa ile ya "inajenga hofu", haisemi kitu, msomaji ataiona hofu mwenyewe ukimuonyesha inavyofanyika. Halafu umeacha kitu kikubwa, MKONO. Baada ya maji anasema hakuna kingine kinachoyazuia ila mapenzi ya Mungu, angeondoa mkono wake tu penye lango la maji lingefunguka mara moja, na hata ungekuwa na nguvu mara elfu kumi ya ulizonazo, zaidi hata ya shetani mwenye nguvu kuliko wote, usingeweza kuyazuia. Unaona amerudi wapi? Kwenye fundisho, karibu neno kwa neno. Picha ya maji imezunguka ikarudi kwenye hoja.

Na tofautisha na buibui. Kwa buibui, kuchelewa ni kushikiliwa tu, jana na leo ni sawa. Kwa maji, kuchelewa kunaongeza. Kwa hivyo yule aliyekuwa anasema mbona miaka yote hii sijapatwa na kitu, buibui hakumjibu, maji yamemjibu. Iandike hivyo kwa maneno yako.

binti_barani

Hapo nimeelewa mwalimu, wallahi hapo ndipo nimeelewa!! Kila picha inamjibu mtu tofauti kwenye benchi. Sasa naweza kuipanga insha yangu kwa watu badala ya kuipanga kwa majina ya tamathali.

Mbili za mwisho halafu nawaacha. Moja, ni sawa kumuita Edwards Mpuritani? Rafiki yangu anasema Wapuritani walikuwa wa miaka ya 1600. Pili, ile sehemu ya rehema mwishoni niiweke wapi, maana ni fupi na haifanani na mengine.

ngomeni_juu

La kwanza rafiki yako hajakosea sana. Wale wa John Winthrop walivuka 1630, Edwards amezaliwa 1703, ni kizazi kingine kabisa. Lakini mafundisho yake ni yale yale ya Wapuritani, mpangilio wa mahubiri ni wao, na babu yake mzaa mama, Solomon Stoddard, ndiye aliyekuwa mchungaji wa Northampton kabla yake. Andika "mrithi wa Wapuritani" mara moja kwenye utangulizi halafu endelea, hakuna atakayekusumbua. Na Enfield ukiandika ni Connecticut weka "ya leo", wakati ule ilikuwa bado chini ya Massachusetts.

mwl_mkomani

La pili. Usiitenge. Wengi wanaishia motoni wanaandika kama vile mahubiri yaliishia huko, na ndiyo maana wanaona pathosi ya aina moja tu. Mahubiri yote ameziba kila pahali, si nilikwambia hoja kumi zinaziba? Mpaka msikilizaji hana pa kutokea kabisa. Ndipo sasa anasema leo mna nafasi ya ajabu, Kristo amefungua mlango wa rehema wazi kabisa na amesimama anaita kwa sauti. Mlango mmoja tu baada ya yote kuzibwa. Angeutaja mwanzoni usingekuwa na maana yoyote, watu wangesema aa tumeshausikia huo. Na huo mlango anaufungulia LEO, kesho hakuwaahidi, ameshawaambia haitakuwa ajabu baadhi ya watu waliokaa salama kwenye viti vya nyumba hii wakawa kule kabla ya kesho asubuhi.

Kwa hivyo iweke pamoja na Suffield, kwa sababu zinakuja karibu karibu na zinafanya kazi moja, za kumwinua mtu kwenye kiti. Sentensi yake ya mwisho kaitoa Mwanzo 19:17, habari za Lutu kutoka Sodoma, kimbieni mjiokoe, msitazame nyuma, kimbilieni mlimani. Ni amri za vitendo zinazofuatana. Mtu ambaye muda wote ameambiwa hana anachoweza kufanya, sasa anapewa kitu cha kufanya kwa miguu yake. Na miguu, binti, ndiyo iliyokuwa inateleza kwenye aya ya kwanza, hilo mtajie lekchara wako.